Baba anasema mambo ya rangi hayatuhusu

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 17, namaliza darasa la 11 hapa Marekani. Tulihama Tanga nikiwa na miaka 11, baada ya baba kushinda bahati nasibu ya grini kadi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu haya mambo nikiyaandika kwa Kiingereza najikuta nayalainisha ili mwalimu asichukie, na hapa hakuna mwalimu.

Mwaka huu wa shule umenishinda. Ulianza kuharibika Oktoba. Kwenye kundi la simu la darasa letu mvulana mmoja alibandika picha yangu pembeni ya picha ya sokwe, akauliza nani kapendeza zaidi. Wengi walicheka, wawili watatu wakaandika kwamba si vizuri, kisha mazungumzo yakahamia kwenye mechi ya Ijumaa. Nilimpelekea mwalimu mkuu msaidizi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimemwambia yule mvulana kwamba sijapenda. Akasema ni utani wa rika lao, ataongea naye. Kama aliongea naye, mimi sikuona tofauti.

Januari, kwenye fasihi, tulikuwa tunasoma kwa zamu riwaya ya zamani ambayo lile tusi la watu weusi limejaa humo tele. Mwalimu alisema tulisome kama lilivyoandikwa kwa kuwa ni historia. Darasa zima tuko weusi wawili. Likitamkwa, shingo zinageuka kututazama, na wapo waliolitamka kwa raha zao, kwa kulivuta. Niliomba niwe nakaa maktaba kipindi hicho. Nikaandikiwa kwamba sishiriki darasani, na gredi ikashuka.

Tangu hapo nikawa nachoka tu. Nalala saa kumi nzima naamka nimechoka. Kemia, ambayo ndiyo somo langu, nilikuwa napata A. Muhula wa pili nimemaliza na C. Nilipoomba niingie Kemia ya AP mwakani, lile darasa la ngazi ya chuo, kaunsela aliniambia labda Kiingereza kitanilemea. Mama, mimi nilitolewa kwenye darasa la Kiingereza cha wageni nikiwa darasa la saba.

Halafu ikaja mwishoni mwa Aprili. Yule mvulana alipita nyuma yangu kwenye bwalo la chakula akalia kama nyani. Nilisimama nikampigia kelele, nikapiga sinia juu ya meza, maziwa yakamrukia. Nikasimamishwa masomo siku tatu kwa "tabia ya vitisho". Yeye hakufanywa lolote. Mama yangu aliitwa shuleni, na kwa kuwa Kiingereza chake ni cha kazini tu, nikaambiwa nitafsiri mimi. Nilikaa pale nikamtafsiria mama yangu kwamba binti yake ni hatari kwa wenzake. Habari ya sokwe sikumwambia. Alikuwa bado na sare, ametoka moja kwa moja zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Sikuweza.

Baba aliporudi ndipo alipotamka maneno yaliyonifanya nikuandikie. Alisema: "Haya mambo ya rangi ni ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, tangu enzi. Sisi wageni. Hayatuhusu. Soma, chukua cheti chako, funga mdomo." Akaongeza kuwa nimeanza kuiga watoto wa Wamarekani Weusi, ndiyo maana nagombana. Baba yangu si mtu mbaya. Anaendesha lori, anaweza kukaa barabarani wiki nzima ili sisi tule. Lakini siku ile nilitamani anikasirikie kwa kosa jingine lolote, si hilo.

Tena hao anaosema nawaiga wala hawanihesabu kuwa wao. Nilipokuwa darasa la 9 kuna wasichana walikuwa wakiniuliza kama kwetu tunavaa nguo. Hadi leo nikikaa nao naambiwa naongea kama mzungu. Isipokuwa mmoja, yule mweusi mwenzangu wa darasa la fasihi. Siku ya vurugu ni yeye peke yake aliyekwenda ofisini bila kuitwa, akaandika alichokiona. Baba hataki aje kwetu.

Bibi yangu Tanga anasema nirudi nikamalizie shule huko. Nirudi? Au ninyamaze, mwaka mmoja utapita? Na nikiamua kudai, nitadai vipi wakati baba hataki? Halafu kuna insha za kuomba vyuo. Kila mtu ananiambia niandike haya, eti vyuo vinapenda hadithi za namna hii. Sijui kama nataka.

Binti wa Tanga

———

Marahaba mwanangu.

Katika yote uliyoandika, lililonikera kuliko mengine ni kile kikao cha ofisini. Yule mvulana ana utovu wa adabu na mzazi wake ana kazi ya kufanya. Lakini pale ofisini walikaa watu wazima, waliosomea kazi yao na wanaolipwa kuifanya, wakamfanya mtoto kuwa mshtakiwa na mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Shule ya umma inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuzungumza na mzazi kwa njia anayoielewa, na kumleta mkalimani ni mzigo wa shule. Kwangu mimi kikao kile hakikufanyika. Mama yako aliketi kwenye kiti, basi. Kiitishwe upya, na safari hii wewe ukae upande wa mama yako, ukiwa mtoto wake tu.

Ila kabla ya hapo mama aambiwe yote, la sokwe likiwemo, na picha aione kwa macho yake. Najua ulikuwa unamwonea huruma. Lakini mzazi asiyejua alichotendewa mwanawe hawezi hata kuuliza swali moja la maana, na wale wa ofisini wanalijua hilo vizuri. Chagua siku ambayo hana zamu. Mwache alie kama atalia.

Sasa baba. Hapa naomba unipishe kidogo, maana binti kumhutubia baba yake ni jambo gumu nami sitaki kukutwisha. Ukiweza mwekee barua hii mahali atakapoiona. Usipoweza, mpe mzee yeyote wa jumuiya ya Watanzania hapo mlipo ambaye baba humsikiliza, shehe au mchungaji au fundi wake wa lori, aizungumze naye.

Kaka yangu, salamu kwanza. Sijui nani kamzidi mwenzake umri, kwa hiyo shikamoo naiacha njiani. Unayoyaogopa nayaelewa. Umehamisha familia, umejenga maisha juu ya usukani, na umeona kwamba mgeni anayeonekana mkorofi ndiye wa kwanza kuumia. Kumwambia mtoto anyamaze ni namna yako ya kumfunika. Tatizo ni kwamba shuka lenyewe ni fupi.

Unasema mambo ya rangi hayawahusu. Grini kadi yako imepitia mlango gani? Bahati nasibu uliyoshinda iliwekwa na sheria ya 1990, sawa. Lakini kuanzia miaka ya 1920 Marekani ilikuwa ikigawa nafasi za uhamiaji kwa kuangalia asili ya mtu. Nchi za Ulaya kaskazini zilitengewa makumi ya maelfu kwa mwaka, na sehemu za Afrika zilizokuwa na fungu zilipewa nafasi 100 kila moja. Mfumo huo ulivunjwa na sheria ya 1965, mwaka mmoja tu baada ya Sheria ya Haki za Kiraia, kwa msukumo ule ule. Na msukumo huo ulitoka kwa nani? Mei 1963, katika mji wa Birmingham, Alabama, polisi waliwaachia mbwa na kuwapiga kwa mabomba ya maji ya zimamoto waandamanaji weusi, na wengi wao walikuwa wanafunzi, wengine wadogo kuliko binti yako. Hao ndio mabibi na mababu wa watoto unaosema asiwaige.

Hata safari za kwetu kwenda kusoma huko walizichangia. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipokuwa akihangaika kutafuta nauli za wanafunzi, barua ya kuomba michango kwa Wamarekani ilitiwa saini na Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, pamoja na waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier. Wote weusi. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata akaenda Wangari Maathai, kusoma Kansas. Njiani, kwenye mgahawa mmoja wa Indiana, aliambiwa yeye na wenzake kwamba soda wanaweza kununua lakini humo ndani hawawezi kukaa kuinywa. Alikuwa mgeni kuliko wewe, kaka. Mwenye mgahawa hakumwuliza pasipoti. Na yule mvulana wa shule hakumwuliza binti yako kama yeye ni wa Alabama au wa Tanga.

Na wewe ni Mtanzania, tafadhali. Juni 1974 Kongamano la Sita la Pan-Afrika lilikaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere akalifungua. Wamarekani Weusi walivuka bahari kuja kuketi nasi kuzungumzia ukombozi wa kusini mwa Afrika. Sikusikia kwamba kuna mtu aliwaambia warudi kwao, mambo ya Afrika hayawahusu.

Huyo binti aliyekwenda ofisini bila kuitwa, akajiandikisha kuwa shahidi wa mtoto wako huku akijua walimu wanamwona, ungempata Tanga ungemwita mwanao. Mruhusu aje.

Nakurudia wewe, mwanangu. Wale wasichana wa darasa la 9 walikuumiza na sitawatetea. Nitasema tu kwamba wao walijifunza Afrika kwenye runinga ile ile iliyomfundisha baba yako kuwaogopa wao. Huna deni la kuwapenda wote. Mmoja unaye, na kwa mwaka mmoja uliobaki anatosha.

Kuhusu kudai haki. Umeniuliza utadai vipi, nami nakujibu kwamba utadai kwa karatasi. Hadi sasa kila kitu chako kimekuwa cha mdomo: ulimwendea mwalimu mkuu msaidizi, akasema ataongea na mvulana, ukaomba maktaba, kaunsela akakwambia. Maneno ya mdomo yakifika Juni yanakuwa hayakusemwa. Kaa chini wiki hii, wewe na yule rafiki yako, muandike tukio moja moja: tarehe, mahali, nani alisema nini, nani alikuwepo, ulimwambia nani, akajibu nini. Picha ya lile kundi ihifadhi zaidi ya mahali pamoja. La sinia na maziwa nalo liandike wewe mwenyewe, bila kulipunguza, kwa sababu wao wataanza nalo.

Kisha mzazi atume barua pepe kwa mwalimu mkuu, nakala iende ofisi ya wilaya ya shule. Yale mambo yaitwe kwa jina lake. Shule ikisoma "wanamtania" au "wanamsumbua", italiweka kwenye faili la utoto. Mama aandike kwamba binti yake amebaguliwa kwa rangi na asili yake tangu Oktoba, kwamba shule iliarifiwa, na kwamba hali hiyo imemzuia kusoma. Sehemu ya VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa rangi na wa asili ya taifa katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na shule ikishajua kwamba wanafunzi wanamfanyia mwenzao uhasama wa rangi haina ruhusa ya kukaa kimya. Waulize pia kwa nini aliyepiga kelele kaadhibiwa na aliyelia kama nyani hakuadhibiwa. Swali hilo peke yake lina uzito kuliko kurasa tatu za malalamiko.

Mama aombe vilevile kuliona faili lako lote. Tangu 1974 kuna sheria inayompa mzazi haki hiyo, na shule ina siku 45 za kutekeleza. Akiona humo maandishi ya uongo au ya kupotosha, anaweza kuomba yarekebishwe. Ukifikisha miaka 18 haki hiyo inahamia kwako mwenyewe.

Shule ikikaidi, kuna Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu. Kulalamika hapo ni bure na hakuhitaji wakili. Kwa kuwa hujafika 18 watahitaji idhini ya mzazi, na mzazi mmoja anatosha. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba lazima awe baba. Angalia kalenda, kwa sababu malalamiko yanatakiwa yafike ndani ya siku 180. Picha ya Oktoba imeshapita muda huo, la Aprili bado, linakupeleka hadi mwishoni mwa Oktoba ijayo, na ya nyuma utayaeleza kama historia ya jambo. Sitakudanganya kuhusu kasi yao. Machi 2025 ofisi 7 kati ya 12 za kanda zilifungwa na wafanyakazi wengi wakaondolewa, kwa hiyo jibu linaweza kuchelewa sana. Hata hivyo shule ikijua faili lipo, mazungumzo hubadilika sauti. Na kukuadhibu kwa sababu umelalamika nako ni kosa. Likitokea, liandike kwenye orodha yako hiyo hiyo.

Tanga. Mwanangu, bibi anakupenda na mimi mwenyewe ningependa ule embe za kwao likizo hii. Nenda ukapumzike kama nauli ipo. Lakini kuhamia huko ukiwa na mwaka mmoja mkononi sikushauri. Utaingia kwenye mtaala mwingine na mitihani mingine, miaka miwili mitatu itakwenda. Na grini kadi si kitambulisho cha kuweka kabatini: mwenye nayo akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea alichokiomba kabla ya kuondoka, anaweza kuhesabiwa kuwa ameuacha ukaazi wake. Kwa sababu ya mvulana mmoja na mwalimu mkuu msaidizi mmoja, bei hiyo ni kubwa mno.

Uchovu ule wa kulala saa kumi nzima ukaamka umechoka usiuchukulie kuwa uvivu. Mwambie mama akupeleke kwa daktari, wakuangalie kama una huzuni ya kitabibu. Na ikitokea usiku ukafikiri heri usingekuwepo, usingoje kuche, piga au tuma ujumbe kwenda namba ya msaada 988, ni bure na wapo saa zote.

Insha. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilivizuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha kumpokea, ila Jaji Mkuu Roberts aliandika kwamba hukumu haizuii chuo kuzingatia maelezo ya mwombaji kuhusu namna rangi ilivyogusa maisha yake. Tangu hapo kila mshauri anawahimiza watoto weusi wamwage machungu yao ndani ya maneno 650. Mimi silipendi jambo hilo. Kidonda chako si nauli. Ukitaka kukiandika, kiandike; usipotaka, andika unachokiona kwenye kemia kinachokufanya usahau kula. Ile C inaweza kuelezwa pengine: fomu ya maombi ina sehemu ya maelezo ya ziada, sentensi nne kavu zinatosha, na barua ya shule inaweza kuitaja pia. Ndiyo maana nataka karatasi ziwepo kabla ya Septemba.

Na Kemia ya AP usiiache kwa neno la kaunsela. Omba kwa barua pepe kabla ratiba ya mwakani haijafungwa, mwalimu wako wa kemia apate nakala, na utaje tarehe uliyotolewa kwenye Kiingereza cha wageni. Wakikukatalia, waombe waandike sababu na aliyeamua aweke jina lake chini. Sidhani kama utampata wa kutia saini kwamba mtoto aliyeishi huko tangu ana miaka 11, aliyekuwa anapata A ya kemia, na ambaye wao wenyewe walimteua kuwa mkalimani wao, hajui Kiingereza.